Wimbo wa Kumkalisha Mtu

Kanisani kwetu, nje kidogo ya mji wa Kitale, mtu akisimama kutoa ushuhuda na kusema atachukua dakika moja tu, kina mama huvua viatu na kunyoosha vidole. Si kwa ubaya. Tunajua dakika hiyo itazaa, na watoto wake nao watazaa. Lakini tunajua pia kwamba Kukhu Sellah yuko kwenye benchi la tatu upande wa dirisha, na maadamu yuko, hakuna dakika itakayofikisha wajukuu.

Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu. Kanisa zima humwita hivyo, hata mimi Kipkemei, ambaye nyanya zangu, kwa Kikalenjin, niliwaita Kogo. Siku za wiki hushona sare za shule kwa cherehani ya miguu kwenye baraza la duka moja karibu na soko. Jumapili huketi na mkoba mapajani, kimya, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Hajawahi kuwa mwanakwaya. Hasomi noti. Sauti yake ina mchanga kidogo. Lakini ana kazi moja ambayo haijaandikwa popote na ambayo hakuna aliyempa: kuwakalisha watu.

Hufanya hivi. Msemaji akianza kujirudia, au akianza kutaja majirani kwa majina, Kukhu hukohoa mara moja. Hilo ni onyo. Asiposikia, Kukhu huanza pambio chini chini akiwa ameketi, mstari mmoja tu. Mama wa pembeni hudaka. Ukifika mstari wa tatu benchi zima liko ndani, wa nne ngoma imeamka, na msemaji hana la kufanya ila kupiga makofi na kucheza polepole kurudi kitini. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayeonekana amefukuzwa. Mtu ameondoka mbele za watu akimsifu Mungu, nani atamcheka?

Na si pambio lolote. Wenye kujisifu wana lao, la haraka, ambalo huwezi kulicheza na bado ukaonekana mtu mkubwa. Wenye kusema majirani wana lao la toba. Halafu kuna moja la polepole sana, ambalo Kukhu huwahifadhia wale wanaosimama kushukuru kisha machozi yakawazidi nguvu katikati ya sentensi. Maneno yake ni machache, ya kumwambia Mungu kwamba hata asiyemaliza kusema amesikika. Nimelisikia mara mbili tu maishani kabla ya haya ninayosimulia. Mara ya pili ilikuwa kwa mama yangu, Jumapili ya kwanza baada ya kumzika baba.

Ungedhani mtu aliyeona hayo angeelewa. Lakini mimi nilikwenda chuo kikuu, nikasoma muziki miaka minne, nikaandika tasnifu ya kurasa sitini na nane kuhusu nafasi ya wimbo katika ibada. Niliamini, na bado naamini, kwamba wimbo ni sadaka. Mtu huuleta mbele za Mungu ukiwa safi, bila kilema, kama mwanakondoo. Kisha nikarudi nyumbani na Jumapili ya kwanza nikamkuta Kukhu Sellah akimtumia mwanakondoo huyo kumfukuza mtu madhabahuni.

Mtu mwenyewe alikuwa Kiplimo, mfugaji, jirani yetu. Alisimama kushukuru kwamba ng'ombe wake amepona. Ilikuwa shukrani njema. Akatueleza ugonjwa, akatueleza dawa, akafika kwenye chakula cha ng'ombe kilichouzwa kikiwa kimeoza, kisha akamfikia aliyemshauri akinunue, ambaye ni shemeji yake, ambaye alikuwa ameketi benchi la nyuma yake akikunja mikono ya shati. Kukhu akakohoa. Kiplimo akasema, "Na huyo mtu anajijua." Kukhu akaimba. Dakika mbili baadaye Kiplimo alikuwa akicheza kurudi nyuma, mikono juu, na kwa kuwa mikono tayari ilikuwa juu na shemeji naye alikuwa akipiga makofi, wakajikuta wameshikana.

Watu walitoka wakicheka. Mimi nilitoka nimehuzunika. Nilimwambia mama njiani kwamba ile ni dharau kwa ibada na kwa Kiplimo pia, kwamba mtu ana haki ya kumaliza. Mama akaniuliza, "Wewe ulitaka amalize?"

Mambo yangebaki hapo kama si barua ya Askofu Gathii. Ilisema makanisa yetu yote ya Kitale na Bungoma yataajiri mwalimu mmoja wa muziki. Atazunguka, atafundisha kwaya, ataandaa vijana wa kupiga vinanda. Mwenye kutaka aonekane akiongoza ibada, na Mchungaji Chelimo, mchungaji wetu, alikuwa ametoa jina langu. Nafasi yangu ingekuwa siku ya kufungua kanisa jipya karibu na Bumula, kule Bungoma, Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Askofu mwenyewe angekuwepo.

Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Tangu nihitimu nilikuwa nimeomba nafasi katika shule kumi na nne, na muziki wote niliokuwa nikifundisha ni kinanda kwa mapacha wa mwenye duka la dawa, ambao mmoja alikuwa akilala. Usiku nilikuwa nikilala nikiwaza makanisa madogo ya mlimani, watu waliochoka na shamba, wakiimba sauti nne hadi ukuta utetemeke. Sikuwa naota sifa. Au niseme, sikuwa naota sifa peke yake. Mama, kwa upande wake, alikuwa ameshawaambia majirani kwamba mimi ndiye mwalimu wa nyimbo wa maaskofu.

Nikaamua kwamba ibada ile ya Bungoma itakwenda kama saa. Nikaandika Kanuni Saba za Ibada Yenye Utaratibu, nikazipeleka mjini zikachapwa na kutiwa plastiki. Kanuni ya kwanza ilisema hakuna wimbo utakaoanzishwa nje ya ratiba. Nyingine sita, nikisema kweli, niliziandika ili ya kwanza isionekane iko peke yake.

Nilimpelekea Kukhu nakala yake pale barazani. Alivaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma taratibu.

"Hii namba moja," akasema. "Hii ni mimi?"

Nikamwambia si yeye, ni kanuni ya wote.

"Wote ni akina nani? Mwingine mwenye huanzisha ni nani?"

Nikamweleza habari za sadaka na mwanakondoo. Nilizungumza vizuri, nadhani. Alisikiliza akitia uzi kwenye sindano, na nilipomaliza akauliza sasa mtu akipotea kule mbele, nani atamrudisha. Nikamwonyesha kadi nilizokata kwa karatasi ngumu ya manila. Jerono, mwimbaji wetu wa soprano, angeketi mbele, na msemaji akizidisha angemwonyesha ya njano. Akiendelea, nyekundu.

"Kama mpira," akasema Kukhu.

"Kama mpira."

"Na huyo mwenye amekula nyekundu, kijana yangu, anatoka akiimba ama anatoka akinuna?"

Nikasema watu watazoea. Akarudi kwenye kola ya shati aliyokuwa akishona. Akasema, kama anayeongea na ile kola, kwamba ndugu zake wa Sirisia, kule Bungoma alikozaliwa, watakuja siku hiyo, kwamba yeye aliolewa Kitale miaka arobaini iliyopita na wao hawajawahi kumsikia akianzisha wimbo mbele ya kanisa, na kwamba alikuwa ameshawaambia watamsikia. Nikamwambia watamsikia, katika zile nyimbo nne za ratiba, pamoja na sisi wote. Aliponitazama nilidhani amekasirika, lakini alikuwa akinitazama tu, kama anavyomtazama mtoto anapompima sare na kuona atakuwa mrefu kuliko mamake anavyodhani.

"Sawa. Wewe ndio umesoma, na hii kazi uipate. Sitaanzisha kitu, hata paa ianguke. Mpaka wewe mwenyewe, kwa mdomo yako, useme, Kukhu anzisha."

Akanipa mkono. Niliondoka nimeridhika sana, na leo nikikumbuka kuridhika kule nasikia masikio yakiwaka moto.

Siku yenyewe tulifika Bumula mapema kwa basi la shule tulilokodi. Kanisa lilikuwa linang'aa. Lilinuka rangi mbichi. Mabati yote yaliyonunuliwa yalikuwa yameishia juu yake, kwa hiyo jiko lilikuwa nje bila paa, sufuria kumi na moja juu ya mafiga, kuku wa kanisa zima ndani yake. Mpishi mkuu, mama mmoja mrefu aitwaye Nabwile, alinishika mkono mlangoni baada ya kusikia mimi ndiye mwenye ratiba. Alinijulisha kwamba mvua ya huko huja saa nane na haichelewi, si kama watu wa Kitale. Nikamwonyesha karatasi: saa saba na nusu, chakula. Akaitazama kwa heshima, akarudi kwenye moshi.

Kanisa lilijaa. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Kibabii walisimama kando ya kuta. Ndugu za Kukhu kutoka Sirisia walikuwa wanawake watano wenye vitambaa vya kichwa vya rangi moja, na walipoingia walimtafuta kwa macho hadi wakampata, benchi la tatu, mkoba mapajani. Mmoja akampigia ishara kwa kidole kwenye koo: utaimba lini? Kukhu akainua ile karatasi yangu ya plastiki, akawaonyesha, kama mtu anayeonyesha cheti cha hospitali.

Kwaya iliimba wimbo wa kwanza, na sitasema uongo, uliimbwa vizuri. Besi zilikaa chini kama mawe ya msingi, na Jerono akapanda juu bila kupiga kelele, hadi nikasahau kwamba kuna kazi inatafutwa. Nilimwona Askofu Gathii akiandika kitu. Niliomba kiwe kizuri.

Kisha akasimama Mzee Wabwile, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, akasema atachukua dakika moja tu.

Alianzia kwenye kinamasi kilichokuwa mahali pale kabla ya kanisa. Alituelezea vyura. Alipofika kwenye tofali la kwanza, dakika kumi zilikuwa zimekwisha na Jerono akainua kadi ya njano. Mzee Wabwile, ambaye miwani yake ilibaki nyumbani, akamwona msichana akimpungia kitu, akafurahi, akampungia pia. Akasema mgeni wetu wa Kitale anatusalimu kwa karatasi, hebu aje basi awasalimu watu. Jerono ikabidi aende mbele, kadi mkononi, akasalimu kanisa kwa niaba ya Kitale nzima, akaombwa aseme jina la babake, akarudi kitini akiwa ametumia dakika nne. Kadi nyekundu Mzee hakuiona kabisa. Alikuwa amefumba macho, akikumbuka mchanga ulivyoletwa.

Watu wote wa Kitale waligeuka kumtazama Kukhu. Kukhu alikuwa akitazama paa, akihesabu mabati. Kiplimo aliinama hadi sikioni kwangu akasema, "Mwalimu, si umwachilie huyo mama." Nikamwonyesha kanuni ya kwanza. Akaniambia kanuni hiyo niipeleke jikoni nikawasomee kuku.

Mzee aliketi baada ya dakika arobaini na saba, na ni kwa sababu mkewe alimvuta koti. Aliketi akinuna. Alibaki amenuna, mtu wa watu aliyelijenga kanisa lile kwa mikono yake, na hakuna aliyempigia makofi kwa kuwa hakuna aliyejua kama amemaliza au amepumzika. Hilo lilinichoma kidogo, lakini sikuwa na nafasi ya kulitafakari, maana Askofu alikuwa amesimama. Muda umekwenda, alisema. Mwalimu Kipkemei aje atuambie kwa dakika moja nini maana ya kuimba katika ibada, kisha atuongoze wimbo wa mwisho, tukate utepe, tule.

Ilikuwa ndiyo nafasi yenyewe. Nilikuwa na hotuba ya dakika tatu nimeikariri. Nilishika maikrofoni, nikawatazama watu wale mia tano, na Mungu anisamehe, nikasema, "Nitachukua dakika moja tu."

Kina mama wa benchi la mbele wakavua viatu.

Nilianza vizuri. Nikasema wimbo ni sadaka. Askofu akatikisa kichwa, akikubali, nikapata nguvu, nikaongeza habari za pumzi na tumbo. Akatikisa tena. Nikaongeza habari za sauti nne na kwa nini Mungu hakutuumba wote soprano. Akatikisa hadi kidevu kikagusa kifua, na hapo ndipo niliposhuku kwamba Askofu hatikisi kichwa kwa kukubali, anakitikisa kwa usingizi. Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi niliona lazima nimwamshe kwa mfano.

Nikasema yako makanisa ambamo wimbo umegeuzwa rungu la kuwapiga watu wakae chini. Nikasema hata kwetu kuna ndugu alisimama kushukuru kwa ajili ya ng'ombe wake. Kanisa likacheka. Kiplimo, katika benchi la pili, akainua kichwa polepole. Nikaona nimemwaibisha, nikataka kumrekebishia, nikasema ng'ombe mwenyewe ni mzuri sana, hakuna ubaya kwa ng'ombe, shida ilikuwa kwa shemeji. Shemeji naye alikuwa amekuja. Wakacheka zaidi. Nikasema hapana, shemeji pia ni mtu mzuri, na kwamba mfano bora zaidi ni huu wa leo, wa mzee wetu Wabwile, ambaye ameachwa akasema mpaka mwisho. Mzee Wabwile akamuuliza mkewe kwa sauti, "Ananisema?"

Jerono aliinua ya njano. Niliiona vizuri. Akainua nyekundu, nikaiona pia. Akainua zote mbili. Lakini sentensi yangu ilikuwa kama ng'ombe aliyeingia jikoni: mlango wa kuingilia ulikuwepo, nafasi ya kugeukia hakuna. Nje ngurumo ya kwanza ikapiga, mbali, upande wa mlima. Nilimwona Nabwile mlangoni, mwiko mkononi, akinitazama mimi, kisha mbingu, kisha mimi.

Nikatafuta neno la kumalizia, na lililokuja ni baba. Sijui lilitoka wapi, halikuwa kwenye hotuba. Nilisema baba yangu ndiye aliyenifundisha kuimba, tukikamua, na kwamba alikuwa akiimba besi peke yake kwa sababu nyumbani hapakuwa na mwingine wa kuimba sauti nyingine, na kwamba mimi nilipojifunza kuimba teno ili nimsaidie... Hapo sauti ikakatika.

Kanisa likanyamaza. Si kimya cha kuudhika tena, ni kile kimya cha watu mia tano ambao hawajui watazame wapi. Nilifungua mdomo mara mbili. Sikuweza kuendelea na sikuweza kuondoka, kwa sababu mtu huondokaje katikati ya babake?

Nikamtafuta Kukhu. Alikuwa akinitazama moja kwa moja, mabati ameshamaliza kuyahesabu. Midomo yake ilikuwa imefungwa kabisa. Mikono yake ilikuwa imeukamata mkoba kama mtu anayemzuia mbuzi. Nilielewa kwamba anateseka, kwamba wimbo uko tayari mdomoni mwake, na kwamba hatautoa, kwa sababu alinipa mkono.

"Kukhu," nikasema kwenye maikrofoni.

"Naam, Mwalimu."

"Naomba wimbo."

"Iko kwa ratiba?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu barafu kwa mguu aone kama itambeba, ingawa sidhani Kukhu amewahi kuona barafu zaidi ya ile ya friji ya duka. Hata hivyo kanisa likaangua kicheko, na wale wanawake watano wa Sirisia wakasimama.

"Haiko," nikasema. "Kukhu, anzisha."

Nilijiandaa kwa lile la haraka, la wenye kujisifu. Nilistahili. Nilikuwa tayari kucheza hadi kitini nikiwa mdogo kama nilivyotakiwa kuwa. Lakini Kukhu alifumba macho, akakohoa, na sauti yake yenye mchanga ikatoka polepole na lile lingine. Lile la mama yangu.

Sikuweza kuimba mstari wa kwanza. Wa pili ukadakwa na ndugu zake, sauti za familia moja, kiasi kwamba hukujua wapi mmoja anaishia. Mstari wa tatu nikasikia besi, nzito, ya mtu asiyejua noti, na nilipotazama nikamwona Kiplimo, macho kwenye paa. Nikaimba teno. Nilirudi kitini nikiimba, na kwa kweli sikumbuki hatua zenyewe. Nakumbuka tu kwamba mtu alinishika bega nikipita, kisha mwingine, na kwamba nilipofika nilikuwa nimesikika.

Kisha Kukhu, bila kufungua macho, akakaza mwendo wa wimbo. Ngoma ya wenyeji ikaingia, ile ambayo sikuipa nafasi katika ratiba. Wanawake wa Sirisia wakatoka kwenye benchi lao, wakacheza moja kwa moja hadi kwa Mzee Wabwile, wakamwinua kutoka kwenye kununa kwake, wakamzungusha kanisa zima kama bwana harusi. Alikalishwa kwa mara ya pili siku hiyo, na safari hii alikaa akitabasamu. Askofu alikuwa ameamka, anacheza, na mkasi wa utepe mkononi, hivi kwamba msaidizi wake alikuwa akimfuata akimwomba autoe. Utepe ulikatwa wimbo ukiendelea. Watu wakatoka wakiimba, na Nabwile akapaza sauti yake ndani ya wimbo uleule kwamba kila mwenye mikono abebe sufuria. Sufuria ya kumi na moja ilipovuka kizingiti, mvua ikashuka. Nilitazama saa. Ilikuwa saa nane na dakika mbili.

Askofu Gathii aliniita baada ya chakula. Niliketi mbele yake nikiwa nimeshajitayarishia maneno ya kushukuru kwa kufikiriwa. Aliniambia nimesema dakika ishirini na sita, na kwamba katika miaka yake yote ya kufungua makanisa amewaona wengi wakikalishwa lakini hajawahi kumwona mtu akiomba. Kisha akauliza yule mama ni nani, na aitwe.

Kukhu akaja na sahani yake. Askofu akamwambia waziwazi kwamba anafikiria kumpa yeye kazi ile ya kuwafundisha watu kuimba. Sikuweza kusema si haki.

Kukhu alimaliza kwanza kipande cha firigisi.

"Baba Askofu, mimi hizo noti zenu sijui. Sauti nne nazisikia tu, siwezi zitenganisha. Huyu kijana anaweza. Ulimsikia vile waliimba hiyo ya kwanza, kabla Mzee Wabwile atuletee vyura?"

Askofu akasema alisikia.

"Basi mpe yeye." Akanitazama. "Shida yake ni kuongea. Hiyo mimi ninaweza."

Barua ya ajira ilikuja baada ya wiki tatu. Miezi sita ya majaribio, makanisa tisa, kuanzia mlimani hadi Bumula. Chini kabisa Askofu alikuwa ameongeza kwa mkono kwamba kanuni zangu amezisoma, na ya pili hadi ya saba ni nzuri.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani kwetu kutoa shukrani. Mama alikuwa amevaa kitambaa kipya. Nilikuwa na mengi ya kusema, kuhusu Mungu, kuhusu Kiplimo, kuhusu nilivyokosea na nilivyosahihishwa, na yote yalikuwa ya kweli. Nikasema nitachukua dakika moja tu. Nikasema, "Kwanza kabisa."

Kwenye benchi la tatu, mtu akakohoa.

Nikaanza kupiga makofi mwenyewe.